Hatua Arobaini za Udongo Laini

Jumapili, 3 Machi

Mume wangu ameondoka leo asubuhi. Mume wangu! Naliandika neno hili polepole ili lisiishe upesi. Leo ni siku ya ishirini na mbili tangu tuoane, na kati ya hizo nimekaa naye kumi na tisa tu, maana tatu alizitumia kutengeneza paa la mama yake, na mtu aliye juu ya paa huwezi kusema unakaa naye. Hata hivyo nilimshikia ngazi. Nilitazama viatu vyake vikipanda kipago kwa kipago, nikajiona mwanamke mwenye bahati kuliko wote waliowahi kushika ngazi.

Kazi yake ni kupima ardhi. Serikali imetoa sera mpya ya kulinda mapito ya wanyamapori kwenye mashamba ya watu, na kikosi chake ndicho kinachosimika mawe meupe kuonyesha tembo wapite wapi. Atakuwa huko mbali, mwisho wa juu wa mstari, mpaka mvua za msimu huu ziishe. Mimi nimebaki hapa kwa mama yake: nyumba ya vyumba vitatu, barabara ya vumbi mbele, bonde nyuma.

Lakini hakuniacha mikono mitupu! Chini bondeni, ukingoni mwa shamba la mahindi la Mama, wamesimika mawe mawili, na kati yake wamechimbua kipande cha hatua arobaini, wakaulainisha udongo mpaka ukawa kama unga. Kila alfajiri nishuke nitazame kama kuna nyayo, niandike katika daftari la mradi: tarehe, mnyama gani, wangapi. Walitaka mtu wa nyumba hii anayejua kusoma na kuandika. Mume wangu akasema, "Huyo ninaye. Ana mwandiko mzuri kuliko karani wenu." Karani mwenyewe alikuwa amesimama palepale!

Daftari la mradi lina jalada la kijani. Hili lenye maua amenipa yeye, niandike mambo yangu. Haya basi, mambo yangu ni haya: nampenda, nampenda, nampenda.

Jumatatu, 4 Machi

Hakuna nyayo.

Jumanne, 5 Machi

Hakuna. Mvua ya kwanza imenyesha. Nimenusa shati lake la kazini alilolisahau nyuma ya mlango. Sitalifua.

Alhamisi, 7 Machi

Hakuna. Udongo kati ya mawe ulikuwa umelala vizuri, hauna hata alama ya ndege, kama kitanda kilichotandikwa na muuguzi.

Mama mkwe wangu ni mtu wa maneno machache. Nikimwamkia anaitikia, nikimuuliza anajibu, nikinyamaza naye ananyamaza, na hapo ndipo tunapokaa muda mrefu zaidi. Lakini jinsi alivyo mchapakazi! Ninapofungua macho yeye ameshatoka na kurudi, upindo wa nguo yake umelowa umande mpaka magotini. Nimejiapia kuwa mkwe wa kuigwa. Leo nimepika, chakula kikaungua kidogo chini. Akala. Akasema, "Kimeiva." Sijui kama alinisifu.

Jumatatu, 11 Machi

Bwana Shamba amekuja na pikipiki yake, tope hadi kwenye kofia. Kila baada ya majuma mawili atakuja kugonga mhuri kwenye daftari la kijani. Alitusomea utaratibu, Mama akiwa amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi ya mwaka jana.

Nauandika hapa ili nisiusahau. Msimu huu mmoja wa mvua ndio kipimo. Tembo wakionekana wamepita hapa katika siku kumi tofauti, kabla ya mwisho wa mwezi wa tano, mapito yanathibitishwa. Sehemu yote ya bondeni kati ya mawe na mto haitalimwa tena wala kuwekewa uzio, Mama atapewa kipande kingine juu kilimani, na atawekwa mlinzi mkazi wa kuyatunza mapito.

"Na mumeo ndiye aliyeomba hiyo nafasi," akasema Bwana Shamba, akinikonyeza.

Mungu wangu! Mlinzi mkazi! Mkazi maana yake anakaa! Anakaa hapa, analala hapa, anakula hapa!

"Na wasipofika siku kumi?" nikauliza.

"Mawe yanang'olewa, kikosi kinahamia mstari mwingine. Mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Kule kuna kazi ya miaka mitatu."

Mama aliacha kupukuchua. "Hao tembo," akasema, "nao wamesomewa huo utaratibu?"

Bwana Shamba alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Akasema tena, "Juu kilimani kuna nini zaidi ya mawe?"

"Mama, sera inasema ardhi yenye ukubwa sawa."

"Sawa kwa ukubwa," akasema Mama, akarudi kwenye mahindi yake.

Alhamisi, 14 Machi

Hakuna. Simu hapa haishiki mpaka usimame juu ya jiwe lililo nje ya nyumba ya jirani yetu, fundi cherehani. Kwa hiyo maneno yangu yote ya mapenzi yanapitia masikioni mwake. Leo nilimwambia mume wangu kwa kunong'ona, "Nimekukumbuka mpaka mifupa inauma," na Fundi, bila kuinua uso kwenye cherehani, akasema, "Mwambie basi akuletee dawa ya mifupa."

Nilipomaliza kuona haya nilikaa naye. Kumbe ana maneno huyu! "Bi harusi," anasema, "serikali imewapa tembo hati ya njia, mimi kiwanja changu nafuatilia mwaka wa nane." Lakini baadaye akasimulia jambo zito. Miaka sita iliyopita mwenye shamba kubwa la huko juu alizungushia waya. Tembo walifika pale wakakuta njia imefungwa, wakarudi wamechanganyikiwa, wakakaa siku nne katikati ya nyumba za watu. Walilila paa la jiko lake, lilikuwa la nyasi. Walikula na chumvi yake. Mlinda shamba mmoja alipondwa, hakupona.

"Hawana ubaya," akasema. "Hata wewe ukifungiwa mlango wa nyumbani kwako utapiga kelele."

Jumatano, 20 Machi

Hakuna.

Ijumaa, 22 Machi

Hakuna. Nimeweka vikombe viwili mezani, nikakumbuka, nikakirudisha kimoja.

Jumatano, 27 Machi

Mvua siku tatu mfululizo. Mume wangu alipiga, nikasimama juu ya jiwe na mwavuli.

"Mpaka leo hakuna hata siku moja?" akauliza. "Haiwezekani. Wenzetu wa ng'ambo ya mto wanawaona wakishuka kuelekea kwenu."

"Labda wanageuka."

"Tembo hageuki, mke wangu. Mstari huu sikuuchora mimi. Wameuchora wao, mimi nimeweka mawe tu."

Jinsi anavyosema! Nilirudi nyumbani nikiwa nimelowa upande mmoja. Sasa nawangoja tembo kama mtu anayengoja barua. Wakija wao, anakuja yeye.

Jumanne, 2 Aprili

Hakuna. Mboga za Mama nyuma ya jiko zimenawiri ajabu, majani mapana kama sinia. Fundi alikuja kuomba kidogo akauliza, "Mnatia mbolea gani, na ng'ombe hamna?" Mama akasema, "Mkono tu." Mkono gani huo! Nimetazama wangu, una pete.

Jumamosi, 6 Aprili

Hakuna. Mahindi ya bondeni yamenifika kiunoni. Mabua manne yamelala chini. Mama anasema ni upepo.

Jumanne, 9 Aprili

Nitaandika yote.

Leo niliamka kabla ya saa yangu. Nilikuwa nimeota mume wangu ananiita kutoka juu ya paa, na nilipoamka sikuweza tena kulala. Chumba cha Mama kilikuwa wazi. Kulikuwa kunapambazuka. Nikasema nishuke mapema nikaone jua likichomoza, nimwandikie mume wangu jinsi lilivyo.

Nilipofika kwenye mteremko nikamwona Mama. Alikuwa anatembea kinyumenyume kati ya mawe mawili, ameinama, na mkononi ameshika tawi lenye majani. Anafagia. Mbele yake udongo ulikuwa laini kama unga. Nyuma yake, upande ambao tawi lilikuwa halijafika, kulikuwa na alama za duara kubwa kama masinia, zimepangana kuelekea mtoni. Pembeni kulikuwa na kapu limejaa kinyesi cha tembo, kinatoa moshi kwa baridi.

Mbolea! Ile mbolea!

Sijui nilitoa sauti gani. Akasimama wima, mkono mmoja kiunoni. Hakushtuka wala hakuficha tawi.

"Umeamka mapema," akasema.

"Mama! Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."

"Tangu siku ya pili mimi naandika hakuna, hakuna!"

"Wewe unaandika unachokiona. Hujasema uongo."

Nilianza kulia, na si kwa ajili ya sera wala tembo. Nilikuwa nikihesabu alfajiri zote zile, na siku ambazo tayari angekuwa amerudi. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia, "Mama, wewe hutaki mwanao arudi?"

Aliketi juu ya jiwe jeupe la serikali kama mtu anayeketi kwenye kigoda chake.

"Ukichimba huku chini hata mwezi wa tisa," akasema, "jembe linatoka na unyevu. Juu kilimani jembe linatoka na cheche. Mume wangu alipofariki niliachiwa watoto watatu na bonde hili. Huyo wako amesoma kwa bonde hili. Kila karatasi aliyoandika imetoka kwenye udongo huu. Halafu akaja na jiwe."

"Hakukuambia?"

"Siku tatu alikuwa juu ya paa langu. Ukiwa pale juu bonde lote unaliona. Akapiga misumari siku tatu, akashuka, akanawa, akala, hakusema. Nilijua nilipoona wanasimika." Akanitazama. "Na wewe hakukuambia kwamba shamba litakalokwenda ni langu?"

Hakuniambia. Aliniambia nina mwandiko mzuri.

Tulipanda pamoja. Alibeba kapu, mimi nilibeba tawi, sijui kwa nini nililibeba. Karibu na nyumba akasema, "Sikukatazi. Kesho ukiwahi wewe, andika. Nikiwahi mimi, nitafagia."

Kwenye daftari la kijani sikuandika kitu leo.

Jumatano, 10 Aprili

Nimechelewa. Pamefagiliwa.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimewahi! Mama alinikuta nimepiga magoti nahesabu. Nimeandika: tembo watano. Siku ya kwanza. Alisimama na tawi lake akangoja nimalize, kisha akafagia. "Kwa nini unafagia na nimeshaandika?" nikamuuliza. "Mazoea," akasema.

Jumapili, 14 Aprili

Hawakupita. Tulifika pamoja, tukatazama udongo mtupu, tukarudi. Njiani Mama alinionyesha wapi utelezi unaanza.

Jumatano, 17 Aprili

Siku ya tatu. Jambo la kuchekesha, na sina wa kucheka naye. Nilifika nikiwa nimesahau kalamu. Nikajua nikirudi kuichukua nitakuta pamefagiliwa. Nikakimbia jikoni, nikachukua mabeseni matano niliyozawadiwa harusini, yale yenye maua mekundu, nikafunika alama tano zilizo wazi zaidi, ndipo nikapanda kutafuta kalamu. Niliporudi Mama alikuwa amefagia pote isipokuwa penye mabeseni. Ameyazunguka kwa uangalifu, kama mtu anayefagia kuzunguka miguu ya mgeni.

Jioni nilikuta moja ya yale mabeseni limeoshwa, lina nguo zangu zimelowekwa.

Jumapili, 21 Aprili

Siku ya nne. Nimempigia mume wangu. Alifurahi mno! Alipiga kelele akawaita wenzake. Nikamwambia, "Mama alikuwa anafagia."

"Anafagia vipi?"

"Kwa tawi. Tangu mwanzo. Mbona hukumwambia?"

"Nilitaka kumwambia," akasema. "Kila siku nilikuwa nasema kesho." Kisha akasema, "Lakini sasa unawahi wewe, si ndiyo? Zimebaki sita."

Nilishuka kwenye jiwe. Fundi alikuwa ameacha kukanyaga cherehani. "Usinitazame, bi harusi," akasema. "Leo sijasikia kitu." Ni mara ya kwanza kumwona akidanganya vibaya.

Nampenda. Naandika tena: nampenda. Lakini sijui kwa nini nimekumbuka alivyosema mbele ya karani kwamba nina mwandiko mzuri, na safari hii sikutabasamu.

Ijumaa, 26 Aprili

Siku ya sita. Mvua, mvua, mvua. Kitanda ni kikubwa.

Jumatatu, 6 Mei

Bwana Shamba amegonga mhuri. Siku nane. Alimpongeza Mama. "Mama, mfano wako tutautaja kwenye mkutano. Wengine wanatufukuza na mapanga, wewe umetoa bonde."

"Nimetoa?" akauliza Mama.

"Yaani, umeridhia."

"Chai yako inapoa," Mama akamwambia.

Bwana Shamba akanywa, akaondoka. Mama aliinama akachukua kikombe chake, akamwaga makapi ya chai kwenye mboga. Nikaona mgongo wake. Kumbe ni mgongo mdogo hivi! Nilikuwa namwogopa mtu mwenye mgongo mdogo namna hii.

Alhamisi, 9 Mei

Hakuna. Tulipalilia bondeni siku nzima, mimi na yeye, mstari kwa mstari. Nilimuuliza kwa nini bado anapalilia mahindi ya shamba linaloondoka. Akasema, "Mahindi hayajui." Kisha akanisimulia mume wangu alivyokuwa mdogo: alikuwa akivunja kitu anamtuma dada yake aje kueleza, yeye anajificha kwenye mabua. "Ukimkuta, analia kuliko aliyeumizwa," akasema, tukacheka wote wawili mpaka tukaegemea majembe. Nilicheka, halafu nikawaza: mwaka huu aliyetumwa kueleza ni mimi.

Alhamisi, 16 Mei

Siku ya tisa. Wanne. Mama hakufagia leo. Alitazama tu. Anakohoa.

Jumapili, 19 Mei

Ujumbe wa mume wangu: "Bado moja tu, mpenzi wangu!! Shati langu la kazini lifue."

Nimelifua. Maji yalitoka meusi. Sasa linanukia sabuni, halinukii mtu.

Ijumaa, 24 Mei

Hakuna, juma zima. Mama ana homa. Dawa ya zahanati inamfanya alale. Nimehamishia godoro langu chumbani kwake. Nilimwambia ni ili nisikilize anavyopumua, lakini ukweli ni kwamba nilifurahi kusikia mtu anapumua.

Jumatatu, 27 Mei

Wamepita.

Nilishuka peke yangu. Hapakuwa na haraka, hakuna wa kushindana naye. Mama alikuwa kitandani, amejifunika mpaka kidevuni. Jana jioni mvua ilikuwa imekata, udongo umeshika vizuri, na alama zilikuwa zimechongeka kama mtu aliyebonyeza bakuli kwenye unga. Nyufa za nyayo zao zinaonekana. Kucha zinaonekana. Wamepita katikati ya mawe mawili kama watu waliosomewa utaratibu kweli, wakaangusha safu mbili za mahindi, wakaenda zao mtoni.

Siku ya kumi. Zimebaki siku nne msimu uishe. Kalamu ninayo, daftari ninalo.

Nilisimama pale mpaka jua likanipata mgongoni. Nilijua ninachotakiwa kuandika: tarehe, tembo, wangapi. Maneno matatu, na mume wangu yuko nyumbani. Nimeyangoja miezi mitatu. Nimelia kwa ajili yake. Na nilijua pia kwamba ni kweli, wamepita, na kwamba wakifungiwa tena watakwenda kwenye paa la mtu, na safari hii huenda lisiwe la jiko. Mume wangu hajakosea mstari. Hilo sina ubishi nalo.

Lakini niliwaza Mama anaamka, anasikia kwamba bonde limekwenda akiwa usingizini, na aliyelipeleka ni mtoto wa watu anayemkanda miguu. Nikawaza mume wangu anafika shati limefuliwa, chakula kiko tayari, na jambo limeshakwisha, na kamwe, kamwe hatalazimika kulisema kwa kinywa chake.

Sikuandika. Sikufagia pia. Nilifunika kwa mabeseni yote, nikaongeza sufuria mbili na sinia, nikapanda mpaka kwenye jiwe la simu.

"Wamepita?" ndilo neno lake la kwanza.

"Wamepita. Siandiki."

"Nini?"

"Siandiki. Nimezifunika. Njoo uandike wewe, Mama akiwa anakuona."

Akacheka kidogo, halafu akaona sitanii. Akaanza kueleza: barabara imekatika, kikosi kina kazi, karatasi zinatakiwa wilayani kabla ya tarehe thelathini na moja, mvua ikinyesha itafuta, hii ndiyo nafasi yetu, mimi na yeye, je nimesahau, je simpendi?

Yaani aliuliza mimi simpendi!

"Nakupenda mpaka natia aibu," nikasema, kwa sauti kubwa, bila kunong'ona. "Muulize Fundi. Lakini mimi si dada yako wa kutumwa. Usipokuja kabla ya tarehe, mawe yatang'olewa na utakwenda huko kwa miaka mitatu, na nitakungoja hapa. Nitaumia, lakini nitakungoja. Kuandika, siandiki."

Nilikata simu mimi. Sijawahi kumkatia. Nilipogeuka, Fundi alikuwa ameinuka, amebeba kiti chake ameingia nacho ndani, na mlango ameurudishia, ili nilie kwa nafasi.

Jumanne, 28 Mei

Hajapiga. Mawingu yanazunguka, hayanyeshi. Nimemweleza Mama yote. Alisikiliza macho yamefumbwa. Akasema tu, "Umefunika na sufuria yangu kubwa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Hiyo inavuja."

Jumatano, 29 Mei

Alifika saa nane mchana, kwa miguu, viatu ameviweka begani. Tope limempanda mpaka mapajani. Amekonda. Nilikuwa na maneno niliyoyatunga kwa siku themanini na saba, mazuri yote, na alipofika uani hakuna hata moja lililotoka. Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi na mimi nikautambua. Halafu akauliza, "Mama yuko wapi?" nikamwelekeza, akaniacha uani.

Nilikaa kwenye kigoda. Ukuta ni mwembamba.

"Umekula?" nilimsikia Mama.

"Bado. Mama, lile bonde..."

"Lile bonde nini?"

Kuku wawili walipita mbele yangu. Nilitamani kuingia nimsaidie, maneno nilikuwa nayo ulimini, lakini nilishika magoti yangu nikabaki palepale.

"Mstari unapita pale," akasema hatimaye. "Nilijua kabla ya harusi. Nilijua nikiwa juu ya paa. Lazima upite pale, Mama, hakuna pengine. Nilishindwa kukuambia."

"Haya," akasema Mama. "Sasa umeniambia." Kitanda kikalia. "Nishike mkono, tushuke."

Tulishuka watatu, Mama katikati yetu, polepole kwa sababu ya utelezi. Mume wangu alifunua beseni moja baada ya jingine akinipa nishike, mpaka nikawa nimebeba mnara wa mabeseni unaonifika kidevuni. Sufuria ya Mama ilikuwa imevuja kweli, lakini chini yake alama ilibaki. Alipima kwa utepe wake, akahesabu, akarudia kuhesabu. Akafungua daftari la kijani chini ya mistari yangu tisa ya tembo, akaandika tarehe, akaandika tembo, akaandika saba.

"Wanane," akasema Mama.

Mume wangu akainua uso. "Nimehesabu mara mbili, Mama."

"Kuna mdogo. Amezaliwa mwezi wa nne. Yeye hukanyaga mlemle alimokanyaga mama yake, ukipita mbio humwoni. Mimi nimewafagia miezi miwili, nawajua mmoja mmoja."

Mume wangu akapiga magoti kwenye udongo laini, akasogeza pua mpaka ndani ya alama kubwa kabisa. Kisha akakata saba, akaandika nane.

Alikuwa anafunga daftari Mama aliposema, "Na shamba ni la nani? Mbona hujaandika?"

"Mama, fomu haina sehemu hiyo. Ni tarehe, mnyama na idadi."

"Pembeni hapo pako wazi."

Mume wangu alinitazama, mimi nikatazama mabeseni. Akaligeuza daftari ubavu, akaliegemeza kwenye jiwe jeupe, akaandika jina la mama yake lote, na la baba yake Mama, pembezoni mwa ukurasa, kutoka chini mpaka juu.